Mchanga Umehesabiwa, Mikono Yetu Je?



Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema si letu. Ni jambo la wahandisi: namna kompyuta inavyotumiwa kukadiria jinsi mchanga unavyoshindiliwa kwa mashine za kutetema. Tawi letu lilikutana nalo kwa njia ya barua nne za onyo, na tangu siku hiyo tumeona kwamba ni letu kabisa.

Lakini kwanza tuzungumze habari ya debe. Sisi tuliolelewa katika mashamba ya kahawa tunalijua debe. Mchumaji huleta kahawa yake jioni, huimimina mpaka ukingoni, na karani hutazama. Kisha karani hulishika debe pande mbili na kulitikisa mara tatu nne. Kahawa inashuka vidole viwili. "Jaza," anasema. Mama zetu walijaza, na hakuna aliyeongezewa hata senti kwa vile vidole viwili. Sisi tulikuwa watoto, tumebeba vikapu nyuma yao, na tulidhani yule karani ana dawa.

Hakuwa na dawa. Punje za kitu chochote zikimiminwa hulala ovyo. Kila moja imezuiwa na jirani zake, na katikati hubaki nafasi za hewa. Ukitikisa, punje zinaachiana kwa kitambo kidogo, zilizokuwa zikiegemeana zinateleza, na kila moja inateremkia nafasi iliyo chini yake. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, G. D. Scott, alichapisha majaribio yake ya kujaza vyombo kwa gololi za chuma. Zilipojazwa bila kutikiswa, gololi zilichukua karibu sehemu 60 katika kila 100 za chombo. Zilipotikiswa, zilichukua karibu sehemu 64. Mtu anaweza kuona sehemu 4 ni kitu kidogo. Basi chukua kalamu. Ukijaza madebe 15 yaliyotikiswa, umetia ndani yake madebe 16 ya kawaida. Debe moja katika kila kumi na sita limekwenda kwa tajiri bure. Kahawa si gololi, ina ganda laini na maji, lakini njia ni ile ile, na ndiyo sababu wazee wetu wa tawi walidai mizani. Kilo ni kilo, utikise usitikise.

Mchanga nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Mjenzi akitaka sakafu ya ghala au barabara ya shamba isididimie, lazima azibane punje kabla ya kuweka mzigo juu yake. Udongo mfinyanzi hautaki kutikiswa, maana chembe zake hushikamana. Huo hukandwa na kukandamizwa kwa uzito. Mchanga hukubali mtetemo. Kwa hiyo tunayo ile mashine ya sahani ya chuma ambayo mtu huisukuma kwa mikono, na tunayo rola kubwa yenye ngoma inayotetema huku ikienda. Mjenzi akiruka kazi hiyo, mtetemo utakuja wenyewe baadaye, kwa malori, kwa mitambo ya kiwanda, au kwa ardhi yenyewe. Huko Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, tetemeko lilipita katika ardhi ya mchanga mlegevu uliojaa maji. Mchanga ukawa kama uji. Majumba ya ghorofa yalilala ubavu, mengine yakiwa mazima, kama mtu aliyeanguka usingizini. Na sisi wa kando ya Ziwa tusiseme hayo ni ya Japani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi huko Bukoba, na upande wetu wa mpaka tulilisikia miguuni.

Sasa kompyuta inaingia wapi?

Zamani mhandisi alijaribu kwa macho na kwa vipimo: shindilia, pima, shindilia tena. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Peter Cundall na Otto Strack, walichapisha njia ya kuiachia kompyuta kazi ya kuzifuata punje moja moja. Kompyuta inapewa punje kama viduara, bapa kama sarafu. Inaambiwa kila moja iko wapi na inakwenda kasi gani. Mbili zikigusana, inahesabu zinasukumana kiasi gani na zinasuguana kiasi gani, kisha inazisogeza kidogo sana, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu inahesabu tena. Hivyo hivyo mara nyingi mno. Ukitaka kujua mtetemo unafanya nini, unautikisa ule mchanga wa ndani ya kompyuta na kutazama punje zinavyoshuka.

Ni kazi ya akili kubwa, nasi hatuidharau. Lakini ina mpaka wake, na mpaka huo unatuhusu. Kijiko kimoja cha chai chenye mchanga wa punje za nusu milimita kina punje zaidi ya 40,000. Mita moja ya ujazo ya mchanga huo ina punje karibu bilioni 9. Msingi wa ghala ni mita za ujazo mia nyingi, na kompyuta ya mhandisi haiwezi kuzifuata zote. Kwa hiyo mhandisi huchukua sehemu ndogo tu, au huzifanya punje kuwa kubwa kuliko zilivyo, au huutazama mchanga wote kama kitu kimoja kinachobonyea. Na kila mara lazima aiambie kompyuta mambo ambayo yeye mwenyewe amekisia au amepima mahali pachache: mchanga una unyevu kiasi gani, ni safi au una tope, tabaka litakuwa na unene gani, mashine itapita mara ngapi. Akikosea hapo, kompyuta haitamwambia. Itahesabu kosa lake kwa uaminifu mpaka mwisho.

Hapo ndipo zilipoanzia zile barua nne.

Ilikuwa ni ghala la mazao karibu na ziwa. Kampuni hatutaitaja. Vijana wetu wanne walikuwa kwenye mashine ya kusukuma kwa mikono, kwa malipo ya kutwa. Sakafu ilikuwa mita 20 kwa 30. Mhandisi alileta karatasi ya kompyuta, na msimamizi aliisoma kwa sauti mbele ya kikosi: mashine ipite mara 6, basi. Kabla ya hapo mafundi wa zamani walizoea kupita mara 8 au 10, na kazi ilichukua siku zaidi. Sasa siku zikapunguzwa, na pamoja nazo mishahara. Vijana walinung'unika lakini walitii, kwa sababu karatasi ilikuwa na picha za rangi na tarakimu nyingi, na nani kati yetu atabishana na tarakimu?

Mvua za kwanza zilipokuja na magunia ya mahindi yamepangwa, sakafu ilikaa chini upande mmoja. Ufa ulipita katikati ya ghala, mtu angeweza kutia kidole. Ndipo barua zikaandikwa. Zilisema wafanyakazi hawa hawakutimiza mara 6 zilizoamriwa na kompyuta, kwa hiyo hasara ni yao, na watakatwa mshahara.

Tulikwenda kwenye kikao tukiwa hatuna kitu mkononi. Kwa kweli tulikuwa tumejiandaa kusema kompyuta haijui mchanga wa hapa, na kupiga meza. Mzee mmoja wa kamati yetu, ambaye alikuwa karani wa geti miaka mingi, alituzuia. Alisema: tusipige meza, tuombe karatasi tuisome.

Walisita sana kuitoa. Walisema ni ya kitaalamu, hamtaielewa. Sisi wengi wetu tuliishia darasa la saba, hilo hatukatai. Lakini darasa la saba linatosha kuzidisha na kugawanya. Karatasi ilipotolewa, tuliipitia mstari kwa mstari na kijana mmoja wa tawi anayesoma chuo cha ufundi jioni. Juu kabisa, kabla ya zile picha za rangi ambazo msimamizi alizionyesha kila mtu, palikuwa na mistari michache ambayo hakuisoma kwa kikosi. Mchanga safi. Tabaka la sentimita 25 kabla ya kushindiliwa. Halafu ndipo mara 6.

Sentimita 25! Vijana walicheka kwa uchungu. Wao walikuwa wakimwagiwa mchanga mpaka magotini.

Lakini kucheka si ushahidi. Mzee wetu wa geti aliomba daftari la geti. Lori moja lilibeba mita 10 za ujazo. Sakafu ya mita 20 kwa 30 ni mita 600 za mraba, na tabaka la sentimita 25 juu yake ni mita 150 za ujazo, yaani malori 15. Daftari lilionyesha malori 30 yameingia, kisha siku moja ya kushindilia, kisha malori 30 mengine, kisha siku moja ya kushindilia. Maana yake kila tabaka lilikuwa nusu mita. Ile mashine nyepesi ilibana sehemu ya juu tu, na chini mchanga ulibaki mlegevu kama ulivyomwagwa. Na ile pembe iliyodidimia ndiyo pembe ya karibu na mfereji, ambako mchanga ulichanganyika na tope. Vijana walikuwa wamesema siku ile ile kwamba mashine inazama pale. Waliambiwa wapite tena na tena, wakapita mara 15.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wasimamizi wengi wanaamini kwamba kupita mara nyingi huponya kila kosa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 1995 majaribio ya bomba lililojazwa vijigololi vya kioo, wakaligonga maelfu kwa maelfu ya mara. Magongo ya kwanza yalishusha gololi kwa wingi. Yaliyofuata yalishusha kidogo, na baadaye kidogo zaidi, mpaka mtu anagonga mara elfu kupata alichokipata mwanzoni kwa magongo machache. Kwenye mchanga wa kazi ni hivyo pia: mara za kwanza ndizo zenye faida, na ukizidisha unaweza hata kuilegeza sehemu ya juu uliyoibana. Tabaka nene haliponi kwa jasho. Dawa yake ni kumwaga kidogo kidogo, jambo ambalo linapunguza kasi ya malori, na malori yalikuwa ya jamaa aliyelipwa kwa safari. Hilo la mwisho hatukulisema kikaoni. Tunalisema hapa.

Barua zilifutwa na pesa zilizokatwa zilirudishwa. Aliyetushindia kesi ni karatasi ya kompyuta, ile ile tuliyotaka kuipigia meza. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na tunajua baadhi ya ndugu hawaupendi: tusiifukuze kompyuta, tudai kuisoma. Masharti ambayo hesabu imejengwa juu yake, yaani unene wa tabaka, unyevu, aina ya mchanga, uzito wa mashine, ni masharti ya kazi sawasawa na saa za kazi. Yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe mahali pa kazi siku ya kwanza, kabla ya lori la kwanza. Mfanyakazi akiona mchanga si ule ulioandikwa, awe na haki ya kusimamisha mashine na kuita mhandisi bila kukatwa kutwa yake. Mwenye kushika mashine ndiye anayejua kwanza. Sahani ikianza kuruka na kutoa mlio mkavu, mchanga umebana. Ikizama na kunyamaza, kuna maji au tope. Hakuna kompyuta iliyoketi ofisini inayosikia mlio huo.

Ndugu mmoja wa kiwanda cha nguo alituuliza: je, mashine hizi hazitachukua kazi zetu? Zitachukua baadhi, na zimekwisha kuchukua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Sweden, rola zilianza kufungwa kipimo kinachosikiliza jinsi ngoma inavyodunda na kumwonyesha dereva kama ardhi imekuwa ngumu. Siku hizi rola nyingine zinachora ramani kwenye kioo mbele ya dereva, na kila mahali alipopita panawekwa rangi. Ramani hiyo inahifadhiwa. Inaweza kumtetea dereva kama daftari la geti lilivyotutetea sisi, na inaweza pia kutumiwa kumhesabia kila dakika aliyosimama kunywa maji. Tofauti ni nani anashika nakala. Tunataka dereva apate nakala yake na tawi lipate yake. Kwa hilo tutabishana na kila kampuni.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma kuliko sakafu.

Katika karatasi ile yote, kurasa kumi na kitu, palikuwa na habari za punje: ukubwa wake, msuguano wake, mtetemo unazifikia kwa nguvu gani na unafifia kina gani. Hapakuwa na mstari mmoja juu ya mtu aliyeshika mpini. Lakini mtetemo haushuki mchangani peke yake, unapanda mikononi pia. Mmoja wa wale vijana wanne, ambaye alikuwa kwenye mashine hizo kwa miaka sita, siku hizi hawezi kufunga vifungo vya shati la mtoto wake. Usiku vidole vinawaka na kufa ganzi, anaamka na kuvipiga ukutani. Msimamizi wake alimwambia ni baridi ya ziwa.

Ugonjwa huu si mpya, wala hauhitaji kompyuta kuuona. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alikwenda katika machimbo ya mawe ya Bedford, jimbo la Indiana, Marekani, akawakuta wachonga mawe wanaotumia nyundo za upepo vidole vimekuwa vyeupe na havina hisia. Tangu wakati huo umepita zaidi ya mwaka mia. Uingereza iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa mwaka 1985, na wachimba makaa wa huko walilazimika kufika mahakamani hata mwaka 1998 ndipo wakaanza kupata fidia zao. Katika nchi zenye joto kama zetu vidole mara nyingi haviwi vyeupe, kwa kuwa weupe huletwa na baridi. Kinachobaki ni ganzi, maumivu na mkono kukosa nguvu, na kwa kuwa hakuna weupe wa kuonyesha, mfanyakazi anaambiwa anajisingizia.

Mtetemo wa mkononi unapimika kama ule wa mchangani. Nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka 2002: kwa siku ya saa 8, mkono usipate zaidi ya kipimo cha 5, yaani mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde, na ukifika 2.5 mwajiri lazima aanze kuchukua hatua. Hesabu yake ina mtego. Mashine ikitetema mara mbili ya kiwango, muda hauwi nusu tu, unakuwa robo. Kwa hiyo mashine yenye kipimo cha 10 inamaliza ruhusa ya siku nzima kwa saa 2, na kwa nusu saa tu imekwisha kufikia pale ambapo mwajiri anatakiwa kuchukua hatua. Vijana wetu walikuwa juu yake kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Watengenezaji wanaouza mashine hizo Ulaya hutakiwa kuandika kipimo chake katika kitabu cha mashine. Tuulize vitabu hivyo viko wapi. Sisi tulikikuta kimoja kwenye kabati la stoo, kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 148 mwaka 1977, juu ya hewa chafu, kelele na mtetemo mahali pa kazi. Mkataba huo unaruhusu nchi kukubali sehemu moja na kuacha nyingine, na mtetemo ni rahisi kuachwa, maana hauonekani wala haunuki. Ndugu wa mashambani nao wasikae wakidhani ni habari ya wajenzi. Msumeno wa mota, mashine ya kufyekea majani inayoning'inizwa begani, trekta lisilo na kiti kizuri linalotikisa mgongo kutwa nzima, vyote viko katika hesabu hiyo hiyo.

Tawi letu limedai mambo mawili katika mazungumzo ya mwaka huu. Kwanza, karatasi yoyote ya kompyuta inayoamua idadi ya kupita iwe pia na ukurasa wa mikono: mashine gani, kipimo chake, mtu mmoja dakika ngapi, na kikosi kibadilishane zamu namna gani. Mwenye uwezo wa kukisia mabilioni ya punje hashindwi kugawa dakika za watu wanne. Pili, kila atumiaye mashine ya kutetema apimwe mikono na daktari mara moja kwa mwaka, na gharama iwe ya mwajiri. La kwanza wamesema watalifikiria. La pili wamesema halimo katika bajeti.

Yule kijana wetu ameandikiwa fomu ya fidia. Daktari wa kwanza aliandika "uchovu". Tumempeleka kwa wa pili, katika hospitali ya mkoa, na safari hii tumemwambia abebe kile kitabu cha mashine kilichokuwa ndani ya nailoni, pamoja na hesabu ya saa zake kutoka katika daftari la zamu. Matawi yenye wanachama wenye ganzi ya namna hiyo watuandikie kupitia makao ya chama, wataje aina ya mashine na miaka waliyoitumia. Kikao cha pili na kampuni ni baada ya mavuno.